Bwana Ngoja na Mfumo Usiozimika

Mume wangu kazi yake ni kukataa. Watu wakiniuliza mzee anafanya nini huko kampuni, huwajibu hivyo, wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Wapo wanaolipwa kujenga, wapo wanaolipwa kuuza, wangu mimi analipwa kukaa kwenye kiti na kuwaambia wenzake ngojeni kwanza. Ndiyo maana kazini wamempa jina la Bwana Ngoja, na jina limemganda mpaka mlinzi wa getini hamjui kwa jingine.

Kampuni yenyewe inasambaza dawa. Hospitali, zahanati na maduka ya dawa huagiza kwa kompyuta, oda inaingia kwenye mfumo, na mfumo unawaambia watu wa ghalani wapakie nini, kwenye gari lipi, liende wapi. Sasa vijana wa programu kila wiki wana kitu kipya wanachotaka kukiingiza humo: kitufe kipya, ripoti mpya, njia ya mkato ya kufanya lile na lile. Hakuna kinachoingia bila kupita kwa mume wangu. Kila Jumanne wanakaa kikao, kila mmoja anatetea mabadiliko yake, naye anawauliza maswali yale yale: kitaharibika nini, atakayeumia ni nani, na kikiharibika tunarudije tulikotoka. Asiye na majibu anaambiwa akajipange. Kuna kijana mmoja alitoka kikaoni machozi yanamlengalenga, na mimi nilimhurumia, maana najua kuishi na maswali hayo. Nilipotaka kubadilisha rangi ya sebule niliulizwa yote matatu.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani mtu alikuwa anabadilisha programu Ijumaa jioni kisha anakwenda zake nyumbani. Ijumaa moja wakagusa kitu kidogo tu kwenye hesabu ya maboksi, na zahanati ya chumba kimoja ikashushiwa lori zima la glavu. Muuguzi alipiga simu kulalamika kwamba ameshindwa kuingia kazini, glavu zimejaa hadi mlangoni. Kampuni nzima ilicheka isipokuwa mwenzangu. Aliniambia, "Leo glavu. Siku ikiwa dawa ya moyo atacheka nani?" Akaketi akaandika kanuni, Mkurugenzi akazipenda, na kwa kuwa aliyezipika ndiye anayejua kuzipakua, akapewa kiti yeye.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika kanuni zake aliandika kwamba mtu anayeujua mfumo vizuri kuliko wote lazima apatikane kwa simu saa zote, na asikae mahali pasipo na mtandao. Alipoandika hivyo walikuwa wanne au watano wanaoujua. Wakastaafu, wakahama, mmoja akafariki, mfumo ukazeeka ukashonewa viraka juu ya viraka, na siku tunashtuka, anayeujua ni Bwana Ngoja peke yake.

Watu husikia "kupatikana kwa simu" wakadhani ni jambo jepesi. Mimi nitawaambia maana yake. Maana yake ni mwanamume anayeoga na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Ni kwenda kwenye msiba wa shangazi yangu, kufika, kuona simu haishiki mtandao, na kugeuza kabla hata hajawapa mkono wafiwa wote, mimi nikabaki kumtetea kwa ndugu zangu waliokuwa wanatazamana. Kwenye harusi ya binti yetu, yeye baba wa bibi harusi yumo kwenye picha moja tu, tena kwa mgongo, amesimama kando ya geti kidole kikiwa sikioni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na mashine yangu iko dirishani kwa sababu ya mwanga. Dirisha hilo hilo ndilo lenye mtandao mzuri. Kwa hiyo tumeishi hapo wawili, mimi na kitambaa changu, yeye na simu yake, kama abiria waliokosa basi la mwisho.

Mkurugenzi si mtu mbaya, nisimsingizie. Alimwambia afundishe wengine. Akafundisha, na anafundisha vizuri kupita kiasi. Kila aliyeiva mikononi mwake alipata kazi kwingine: wa kwanza benki, wa pili shirika la ndege, wa tatu ng'ambo kabisa. Wanamtumia salamu za shukrani kila mwaka mpya. Alikuwa akinisomea huku anatabasamu, na mimi nikimwambia kinyozi hajinyoi, baba watoto, hawa wote umewafungulia mlango wewe ukabaki umeshika kitasa.

Basi ndipo lilipokuja lile la chuo. Mwenye kampuni ana chuo cha ufundi pia, kwenye mji alikoolewa binti yetu. Walitaka mwalimu wa kufundisha vijana namna ya kubadilisha mifumo bila kuangusha kazi za watu. Nani mwingine wa kumpa? Kulikuwa na nyumba ya mwalimu yenye baraza, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa binti yetu, ambaye alikuwa amejifungua. Mjukuu wangu wa kwanza nilikuwa nimemwona kwenye kioo cha simu tu, akipiga chafya.

Sharti lilikuwa moja. Kampuni ilikuwa inajenga mfumo mpya, na Mkurugenzi alisema mbele yangu, hapa hapa sebuleni, akiwa na kikombe cha chai mkononi: "Siku tukiuzima wa zamani, kesho yake uko huru. Hiyo nafasi ya chuo nimekushikia mpaka muhula ufunguliwe. Ukifunguliwa, mzee mwenzangu, mkuu wa chuo atatafuta mtu mwingine, na mimi sitakuwa na la kumwambia." Kuacha kazi kwa hasira asingeweza, maana mwajiri ni yule yule, akiuacha mlango mmoja, wa pili unajifunga.

Kwa hiyo maisha yetu yote yakawa yananing'inia kwenye siku hiyo moja, siku ya kuuzima mfumo wa zamani.

Wa kukikalia kiti chake alikuwa binti mmoja mwembamba, mpole wa kusema, ambaye ofisini walimtania kwa jina la Mrithi. Alikuja nyumbani mara nyingi kufundishwa. Nilimpenda. Alikuwa akiingia anasema, "Shikamoo mama," anavua viatu, na kabla ya kufungua kompyuta anaulizia mgongo wangu. Akikosea alikuwa hajitetei. Siku moja nilimsikia mume wangu akimfundisha lile jambo lake analolipenda kuliko yote.

"Wenzako wakitaka kujaribu mfumo," alimwambia, "wanachukua hospitali kubwa. Wanafuata oda yake, wakiona imefika salama wanapiga makofi. Hospitali kubwa haipotei, ikikosewa itakupigia kelele mpaka ukome. Wewe mchukue mteja mdogo kuliko wote. Yule anayeagiza boksi moja. Mfuate toka anapobonyeza mpaka dereva anapomkabidhi. Akifika salama huyo, wamefika wote."

"Kila mara, mzee?"

"Kila mara. Hata ukiwa umechoka. Hata ukiwa unataka sana kusema ndiyo."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yule alilelewa vizuri. Wakati ule nilifurahi, nikasema angalau huyu ataelewa, atatutoa.

Wiki ya kuzima ilipofika nilikuwa nimeshaacha kupokea vitambaa vipya. Wateja wangu niliwaaga. Nilifunga vyombo kwenye maboksi ya dawa aliyoniletea kutoka ghalani, kila boksi limeandikwa pembeni "weka mahali pakavu". Alhamisi alifanyia kazi nyumbani. Alikaa dirishani asubuhi nzima hasemi, nikamletea chai ikapoa, nikaiondoa. Baadaye akafunga kompyuta, akaja jikoni akakunja mikono ya shati.

"Nipe masufuria nifunge," alisema.

Huyu mtu sijawahi kumwona akishika sufuria isipokuwa limejaa chakula. Tulifunga pamoja, akanisimulia vituko vya utotoni ambavyo nilikuwa sijavisikia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilijisemea moyoni, kumbe huyu ndiye niliyeolewa naye, alikuwa amefichwa tu nyuma ya ile simu.

Kikao cha mwisho kilikuwa Jumamosi asubuhi, kwa njia ya kompyuta, kila mtu alipo. Yeye mezani kwetu, mimi kwenye mashine niliyoizima makusudi ili nisikie. Utaratibu wao ni kwamba mwenye kikao anaita idara moja moja, nayo inasema ndiyo au hapana, na hapana moja inatosha kusimamisha. Siku hiyo kiti cha mabadiliko kilikuwa cha Mrithi. Ndio ulikuwa mtihani wake. Mume wangu alikuwepo kama mkubwa wake, kwa lolote litakalotokea.

"Ghala?" aliita Mkurugenzi.

"Ndiyo."

"Programu?"

"Ndiyo, hata jana ilikuwa ndiyo," alijibu mkubwa wa vijana wale, wakacheka wote. Ungewalaumu? Walikuwa wamefanya kazi ile hadi macho mekundu.

"Mabadiliko?"

Nilidhani mtandao umekatika.

"Samahani, Mkurugenzi," ilisikika sauti ya Mrithi. "Mimi ni hapana."

Nilimtazama mume wangu. Hakuinua uso.

"Hapana kwa nini?" Mkurugenzi aliuliza, kwa upole bado.

"Leo asubuhi nimemfuata mteja mmoja. Kituo cha afya kidogo, kina muuguzi mmoja tu, kinaagiza boksi moja la insulini kwa mwezi. Kwenye mfumo wa zamani ile alama ya kwamba dawa isafiri kwenye baridi, kwa wateja wa enzi za mwanzo, iliandikwa kwenye jina la mteja. Wengine wote imeandikwa kwenye dawa. Mfumo mpya unasoma kwenye dawa tu. Kwa hiyo wale wa mwanzo alama imepotea. Boksi lao limepangiwa gari la kawaida, linashinda juani siku nzima."

"Ni wangapi hao?"

"Wachache. Vituo vya mbali tu."

"Basi tuwashe, wakilalamika tutawarekebishia," alisema mkubwa wa programu.

"Hawatalalamika," Mrithi alisema. "Dawa iliyounguzwa na jua haibadiliki rangi. Itafika kwa wakati. Sisi tunapima huduma kwa kufika kwa wakati, kwa hiyo kwenye ubao wetu itaonekana kijani, tutajipongeza. Na mgonjwa atajidunga kitu kisichofanya kazi, asijue."

Hapo nikaelewa hata mimi niliyeishia kupima viuno vya watu. Nikaelewa, na wakati huo huo nilitamani kuinyofoa ile waya ya mtandao ukutani.

"Kurekebisha inachukua muda gani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kuhamisha taarifa zote upya, na majaribio yaanze mwanzo. Na wiki ijayo tunaingia kwenye kufunga hesabu za mwaka, haturuhusiwi kuingiza jambo kubwa." Akaongeza: "Ni kanuni ya mzee."

Ni kanuni ya mzee. Alivyoisema kwa heshima ndivyo ilivyonichoma, maana hesabu zikija kwisha, muhula wa chuo utakuwa umeshafunguliwa.

Mkurugenzi akamwita mume wangu, si kwa Bwana Ngoja, akamwita kama watu wazima wanavyoitana. "Ndugu yangu. Huyu ni mwanafunzi wako, na wewe bado ndiye mkubwa wake. Ukiniambia tuendelee, tutaendelea, na hao wachache tutawapigia simu wenyewe kwa mkono. Unajua maana ya hapana hii kwako. Unasemaje?"

Wapigiwe simu kwa mkono. Hata mimi nilijua nani angewapiga simu hizo: hakuna. Wangesema Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine. Lakini mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, na alichotakiwa ni kusema neno moja. Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Nilikuwa nimeinuka bila kujijua, nimeshika ukingo wa mashine. Aliniona. Tulitazamana, na nina hakika uso wangu haukuficha kitu.

"Yuko sahihi," alisema. "Tusizime."

Kikao kikaisha kwa maneno ya adabu. Yeye akabaki pale pale akitazama kioo kilichokuwa cheusi. Mimi nikaenda chumbani nikampigia binti yetu, nikamwambia kwa sauti kavu kwamba hatuji. Akasema, "Basi mwakani, mama." Nyuma yake mtoto alikuwa analia, akaomba radhi akakata. Nilikaa kitandani katikati ya maboksi nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Huzuni ilikuja siku za mbele.

Alasiri Mrithi akabisha hodi. Alisalimia, akavua viatu kama kawaida, na mimi nikaitikia marahaba iliyotoka puani.

"Mama, najua umenichukia," alisema.

"Sijakuchukia. Nimekukasirikia. Kaa, chai ipo."

Alikaa. Alimgeukia mume wangu. "Mzee, nisamehe. Nimeona leo asubuhi tu. Nikakaa najiuliza, nimpigie kwanza au nisimpigie. Nikasema, nikimpigia nitakuwa namtwisha yeye. Nafasi yako ya chuo—"

"Usiniombe msamaha," alimkatiza, kwa ukali uliotushtua wote wawili. "Kwa jambo hili usimwombe mtu yeyote msamaha, mpaka unakufa." Kisha akalegea, akamtazama yule binti kwa jicho ambalo sikulielewa, la mtu aliyetendewa wema asioustahili. "Umefanya vizuri. Umenipita."

Msichana akalia kidogo, akanywa chai, akaondoka. Nilimsindikiza hadi mlangoni, na kule mlangoni nilimshika bega, kwa sababu nina mdomo lakini roho ninayo pia.

Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama dirishani, simu ameiweka mezani, jambo la ajabu.

"Niliiona," alisema.

"Uliona nini?"

"Ile alama. Niliiona Alhamisi. Nilimfuata mteja mdogo, kituo kile kile, nikaona mfumo mpya umelipangia boksi lake gari la kawaida."

Nilivuta kiti nikakaa. "Ukanyamaza."

"Nikafunga kompyuta, nikaja kufunga masufuria." Aliongea taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Nilijiambia labda nimesoma vibaya. Nilijua sijasoma vibaya. Nikajiambia Mrithi ataiona, akiiona atasema, kazi ni yake siku hiyo, si yangu. Leo asubuhi alipoitwa, mke wangu, nilikuwa naomba. Unajua nilikuwa naomba nini? Asiwe ameiona. Binti wa watu nimemfundisha mwenyewe, halafu nakaa pale naomba awe mzembe, mara moja tu, kwa ajili yangu."

Miaka yote nimemcheka kwa ngojea ngojea yake, na siku moja aliyoacha kuwaambia watu ngojeni ndiyo hiyo.

"Kiti hicho sasa nitakikaliaje?" aliuliza. "Jumanne mtoto wa watu anakuja kutetea kazi yake, nitamwuliza atakayeumia ni nani. Mimi, wa kuuliza hivyo? Nikisema kwa Mkurugenzi nilichofanya, chuo ndiyo basi milele, na kampuni ndiyo basi. Nikinyamaza ninakaa pale kila siku, naitwa mzee, kanuni ya mzee."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilisema hatimaye. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. "Alhamisi. Tulikuwa wawili jikoni. Kwa nini hukuniambia?"

Akacheka kidogo, cheko la kuchoka, akaja akakaa karibu yangu juu ya boksi la vyombo. "Wewe? Ningekuambia ungenibana ukutani mpaka niseme. Nakujua. Nusu saa isingepita, ungekuwa umenishikia simu mwenyewe nimpigie Mkurugenzi. Ndiyo maana sikukuambia. Niliogopa ungenizuia."

Nilimtazama. Amekaa nami umri wote huu, tumezaa, tumezika, amenisikia nikigombana na wauza vitambaa kwa sababu ya upana wa kiganja, na huyo ndiye mwanamke anayemwona. Nikaifikiria baraza. Nikamfikiria mtoto aliyekuwa analia nyuma ya simu, ambaye nilikuwa bado sijui uzito wake mkononi. Nikamfikiria na yule muuguzi wa mbali na boksi lake moja, lakini kwa kuchelewa, na kwa kujilazimisha. Nilijua vizuri kabisa ningemwambia nini pale jikoni. Ningemwambia nyamaza, baba watoto, funga masufuria.

Alikuwa ananisubiri, macho yake mekundu, kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja safi nyumbani mwake na anataka kuhakikisha bado kipo.

Nikamshika mkono.

"Ndiyo," nilisema. "Ningekulazimisha useme."